Nyasi za pwani zauzwa kwa jina la Brazil, Kilambo zachomwa moto

WAFUGAJI wanaoagiza mbegu za malisho ziitwazo Mombaça kutoka Brazil wananunua, pengine bila kujua, mali iliyotoka Tanzania. Ndugu wa nyasi hizo humea zenyewe kwenye mashamba ya korosho ya pwani ya Mtwara hadi Kilambo, mpakani na Msumbiji. Huko hufyekwa na kuchomwa moto kila msimu ili korosho zinazoanguka zionekane.

Hizi ni nyasi za Guinea, kitaalamu Megathyrsus maximus, ambazo zamani ziliitwa Panicum maximum. Ni nyasi za kudumu. Shina moja hukatwa na kuchipua kwa miaka kadhaa, na huvumilia kivuli cha mikorosho.

Mwaka 1967 na 1969 watafiti wa taasisi ya Ufaransa, ORSTOM, walizikusanya Afrika Mashariki. Sampuli mbili za Korogwe, mkoani Tanga, zilifika kwa shirika la utafiti wa kilimo la Brazil, Embrapa. Moja iliingia sokoni mwaka 1990 kwa jina la Tanzânia, nyingine mwaka 1993 kwa jina la Mombaça. Kwa nini nyasi za Korogwe zipewe jina la bandari ya Kenya ni kichekesho, lakini soko halikujali.

Kusini nako wanunuzi wanaongezeka. Tangu wafugaji waondolewe Ihefu mwaka 2006 na 2007, na wengi kuelekezwa Lindi, ng'ombe si wageni tena huku, na kiangazi malisho huwa haba.

Anayetaka kuingia katika biashara hii ajifunze kwanza kuzitambua. Nyasi za Guinea husimama kwa mashina yaliyoshikana, urefu wa mita 1 hadi 3. Shuke lake limetawanyika, na matawi ya chini kabisa hutoka yote mahali pamoja kuzunguka bua. Nyasi za Rhodes zina shuke kama vidole. Za Cenchrus, kama mkia wenye manyoya. Punje ikimenywa na kutazamwa kwa kioo cha kukuzia, huonekana mikunjo midogo iliyokatiza upana wake.

Mbegu ndipo fedha zinapopotelea. Hukomaa kwa zamu na kupukutika, hivyo gunia la mvunaji mzembe huwa limejaa makapi. Zaidi ya hayo, mbegu mpya hulala kwa miezi kadhaa kabla ya kukubali kuota. Mnunuzi makini huotesha punje 100 kwenye kitambaa chenye unyevu kabla ya kulipa. Muuzaji naye anapaswa kupitia taasisi ya kudhibiti ubora wa mbegu, TOSCI.

Upandaji hufuata mvua za Desemba, kina kisichozidi sentimita 1. Mwenye eneo dogo apasue mashina na kupandikiza vipande. Havina usumbufu wa kuota. Aepuke mabonde ya Ruvuma yanayotuamisha maji, na kwenye mchanga mtupu atie samadi, kwani nyasi hizi zinapenda ardhi yenye rutuba. Zikatwe kila baada ya wiki 5 au 6, kabla mabua hayajakomaa.

Kwa mtaji mdogo, marobota ya majani makavu yanafaa kuuzwa karibu tu, maana nauli hula faida. Mbegu ni nyepesi na husafiri mbali, ila mwenye haraka ya kurudisha fedha zake msimu huohuo hazitamfaa.