Samaki mmoja akiugua ndani ya akwariamu: namna ya kumtibu bila kuwaua wenzake

Ndani ya akwariamu, samaki wote wanapumua maji yale yale. Dawa inayowekwa kwa ajili ya mmoja inaingia katika matamvua ya wote, hata wale ambao hawaumwi. Kwa hiyo mtu anaweza kushinda ugonjwa wa samaki mmoja na asubuhi akakuta wengine watano wanaelea.

Jambo hili linawagusa watu wa mashariki mwa Congo kuliko wanavyodhani. Samaki wanaotafutwa sana na wafugaji wa Ulaya, Marekani na Asia, wanatoka kwenye maji ambayo watoto wa Uvira, Fizi, Kalemie na Moba wanaogelea kila siku. Ziwa Tanganyika, ambalo Congo inagawana na Tanzania, Burundi na Zambia, lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya siklidi, na karibu zote hazipatikani mahali pengine duniani. Katika miaka ya 1970, Mbelgiji Pierre Brichard alikuwa akiwasafirisha samaki hao wakiwa hai kutoka Bujumbura. Mmoja wao, Neolamprologus brichardi, ana jina lake mpaka leo.

Mvuvi anayetoka ziwani na ndagala au mikebuka hana haja ya kujua ugonjwa wa samaki mdogo wa rangi. Lakini mwenye kuwaweka hai, awe anawauza, awe anapamba nao sebule au hoteli, lazima ajue.

Angalia maji kabla ya kutafuta dawa

Kosa la kwanza ni kukimbilia dawa. Kabla ya kufungua chupa yoyote, mwenye akwariamu anapaswa kujiuliza: ni wangapi wanaoumwa, na walianza lini?

Kama samaki wote kwa pamoja wanapanda juu na kupumua haraka haraka, hilo mara nyingi si ugonjwa. Ni maji. Labda pampu ilisimama umeme ulipokatika usiku na hewa ikapungua. Labda maji ya bomba yaliingizwa na klorini yake bila kuachwa yapumzike. Au labda amonia imepanda kwa sababu ya chakula kingi na uchafu.

Kama ni mmoja peke yake, ana mapezi yaliyochanika na amejificha pembeni, inawezekana anapigwa na wenzake. Siklidi wa Tanganyika ni wakali, na wanalinda mawe yao kama mtu anavyolinda shamba lake. Huyo anahitaji kwanza kutengwa na wanaomwonea.

Lakini kama leo ni mmoja, kesho watatu, keshokutwa nusu ya samaki, hapo ni ugonjwa unaoambukiza.

Kwa samaki wa Tanganyika, amonia ni hatari ya pekee. Maji ya ziwa hili yana pH ya juu, inayokaribia 9, na wafugaji wanajaribu kuyaiga. Sasa, amonia hubadilika kadiri pH inavyopanda. Kwenye maji ya nyuzi 25 yenye pH 7, sehemu yake yenye sumu haifikii asilimia 1. Kwenye pH 9, inapita thuluthi moja. Uchafu ambao samaki wa maji laini angeuvumilia unaweza kumuua Tropheus.

Ndiyo sababu matibabu ya kwanza ni ya bei ndogo: kubadilisha robo ya maji, hata thuluthi, kwa maji safi yenye joto lile lile, kusafisha mchanga wa chini, na kuacha kulisha kwa siku moja. Maji ya bomba yaachwe katika bidoni iliyo wazi au beseni kwa siku nzima ili klorini itoke. Mara nyingi samaki wanarudia uzima kwa hilo tu.

Kutenga mmoja au kutibu wote?

Maji yakiwa mazuri na ugonjwa bado upo, linakuja swali gumu zaidi. Jibu linategemea ugonjwa wenyewe unaishi wapi.

Kidonda, pezi lililooza, jicho lililovimba au tumbo la samaki mmoja ni mambo yaliyo ndani ya mwili wake. Huyo anatengwa na kutibiwa peke yake. Hakuna sababu ya kuwanywesha dawa samaki 20 kwa ajili ya mmoja.

Kutenga hakuhitaji fedha nyingi. Beseni kubwa la plastiki au akwariamu ndogo ya lita 30 inatosha. Ijazwe maji yaliyotoka kwenye akwariamu kubwa, siyo maji mapya, ili samaki asishtuke mara mbili. Iwekwe pampu ndogo ya hewa, kipande cha tiyo ya plastiki ambamo mgonjwa atajificha, na kifuniko, maana samaki mwenye hofu huruka. Mchanga hauhitajiki. Kwa kuwa chombo hicho hakina chujio lililokomaa, sehemu ya maji ibadilishwe kila siku, na dawa irudishwe kwa kipimo cha maji yaliyotolewa tu.

Kuna sababu nyingine ya kutumia chombo cha pembeni. Ndani ya chujio la akwariamu wanaishi bakteria wazuri wanaokula amonia. Dawa kadhaa za kuua bakteria, pamoja na ile ya rangi ya buluu iitwayo metileni, haziwezi kutofautisha bakteria wabaya na wazuri. Zikiingia kwenye akwariamu kubwa, chujio linaweza kufa. Siku chache baadaye amonia inapanda, na mwenye samaki anadhani ugonjwa umerudi. Anaongeza dawa. Hapo ndipo anapomaliza wote.

Madoa meupe: ugonjwa unaotaka wote watibiwe

Ugonjwa mmoja unavunja sheria hii ya kutenga. Ni ule wa madoa meupe, kama punje za chumvi zilizomwagwa juu ya mwili na mapezi. Unaletwa na kimelea kidogo, Ichthyophthirius multifiliis. Samaki anajisugua kwenye mawe, anafunga mapezi, kisha anaanza kupumua kwa shida.

Kimelea hiki kina maisha ya hatua tatu. Kwanza kinakaa chini ya ngozi ya samaki, kikila. Kikishiba kinaanguka chini, kinajifunga kwenye kifuko na kugawanyika kuwa mamia ya watoto. Watoto hao wanatoka na kuogelea wakitafuta samaki. Wasipompata kwa siku moja au mbili hivi, wanakufa.

Kinachopaswa kukumbukwa ni kwamba dawa haikigusi kimelea kilicho chini ya ngozi wala kilicho ndani ya kifuko. Inaua wale wanaoogelea tu. Kwa hiyo kumtoa mwenye madoa na kuwaacha wengine hakusaidii, maana adui amekwisha kutawanyika kwenye mchanga. Akwariamu nzima inatibiwa, na matibabu hayakatizwi madoa yanapotoweka. Kwenye maji ya nyuzi 25 mzunguko wote huchukua takriban wiki moja. Siku 10 hadi 14 ndizo salama zaidi, na mchanga ufyonzwe mara kwa mara ili kupunguza vifuko.

Lakini ukitibu wote, lazima uchague dawa ambayo aliye dhaifu kuliko wote ataivumilia. Katika akwariamu ya Tanganyika, dhaifu huyo mara nyingi ni Synodontis multipunctatus, samaki wa madoa meusi wa jamii ya kambale, ambaye huwaachia siklidi walee mayai yake vinywani mwao. Ngozi yake haina magamba, kwa hiyo dawa kali humuunguza kabla ya wengine. Konokono na kamba wadogo nao hawastahimili dawa yenye shaba. Kipimo kinachomponya samaki kinawaua wao.

Formalini pia ina madhara yake: inapunguza oksijeni ndani ya maji, na inaweza kumdhuru hata mtu anayeishika. Rangi ya kijani iitwayo malakaiti ni sumu, na Umoja wa Ulaya hauiruhusu kwa samaki wa kuliwa. Mwenye kutumia dawa hizi avae glavu na afungue madirisha.

Kwa sababu hiyo wafugaji wengi huanza na njia ya polepole: joto na chumvi. Joto linapandishwa kidogo kidogo, digrii moja au mbili kwa siku, mpaka 29 au 30. Chumvi inaanza na gramu 1 kwa lita, kisha inaongezwa kwa siku mbili mpaka gramu 2, huku kambale akiangaliwa kwa makini. Chumvi iyeyushwe kwanza kwenye ndoo. Ikimwagwa kavu inaweza kuunguza samaki aliye chini.

Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Kwa Goma na Bukavu, miji iliyo karibu mita 1.500 juu ya usawa wa bahari, hewa yenyewe tayari ni nyepesi. Pampu ya hewa isizimwe hata dakika moja wakati wa matibabu, na kama umeme unakatika mara kwa mara, betri iwe tayari kabla ya kupandisha joto.

Tumbo la Tropheus

Tropheus, samaki anayependwa sana kutoka mawe ya Tanganyika, ana udhaifu wake. Ziwani anakula majani membamba yanayoota juu ya mawe, na utumbo wake ni mrefu kwa kazi hiyo. Akilishwa nyama au chakula cha mafuta, au akisumbuliwa na wenzake, anaacha kula, anatoa kinyesi cheupe kama uzi, tumbo linavimba na mara nyingi anakufa kwa siku chache.

Dawa inayotumiwa sana ni metronidazole, ile ambayo watu wengi huku wanaijua kwa amiba. Kuipata katika famasi ya mtaa hakumaanishi kuipima kwa kukisia. Kipimo kitolewe na daktari wa mifugo, na mgonjwa awe kwenye chombo cha pembeni. Kwa wale waliobaki, chakula kinasimamishwa siku mbili au tatu, kisha wanarudia chakula cha majani.

Lita za kweli, siyo za dukani

Dawa nyingi zinaua kwa sababu ya hesabu mbaya. Akwariamu ya urefu wa sentimita 100 na upana wa 40, yenye maji yaliyofikia sentimita 35, inahesabiwa hivi: 100 mara 40 mara 35, kisha gawanya kwa 1.000. Ni lita 140. Lakini ndani kuna mawe na mchanga. Ukitoa lita 15 za mawe hayo, inabaki 125. Chumvi ya gramu 1 kwa lita ni gramu 125, siyo 140, wala si viganja vitatu. Kwa chumvi tofauti hiyo ni ndogo. Kwa shaba, inaweza kuwa tofauti ya uzima na kifo.

Kabla ya kuweka dawa, makaa ya kuchujia yaondolewe kwenye chujio, la sivyo yatainyonya dawa yote. Matibabu yakiisha, makaa yanarudishwa ili kuyasafisha maji. Na dawa mbili zisichanganywe kamwe kwa matumaini kwamba moja itafaulu.

Maji yaliyokauka kwa joto yajazwe kwa maji matupu, kwa kuwa chumvi haipandi na mvuke, inabaki palepale.

Kumrudisha kwa wenzake

Aliyepona hatupwi tu ndani. Kwa Tropheus, siku chache za kutokuwepo zinatosha kumfanya mgeni, na kundi linaweza kumpiga mpaka kufa. Mawe yahamishwe kwanza ili kila mmoja apoteze mipaka yake, kisha mgonjwa arudishwe jioni taa zikiwa zimezimwa.

Samaki mpya naye akae peke yake wiki mbili hadi nne kabla ya kuchanganywa. Wavu wa chombo cha wagonjwa usiingie kwenye akwariamu kubwa bila kuoshwa na kukaushwa.

Ziwa lisilipe deni hilo

Linabaki jambo moja ambalo mfugaji wa Paris au Berlin halimsumbui, lakini mtu wa Uvira au Kalemie linamhusu moja kwa moja. Anapochoka na samaki mgonjwa, ziwa liko mbele ya mlango wake. Kumtupa humo kunaonekana kama huruma.

Siyo huruma. Samaki aliyekaa na wageni kutoka nchi nyingine anaweza kubeba ugonjwa ambao wa ziwani hawajawahi kukutana nao, na katika ziwa hilo hakuna mtu wa kupandisha joto wala kupima chumvi. Maji yenye dawa yasimwagwe kwenye mtaro unaoteremka ziwani. Yamwagwe kwenye udongo, mbali na kisima na mto. Aliyekufa azikwe. Aliyetibiwa asiliwe, hata kama anaonekana mnene.

Familia nyingi za pwani hiyo zinaishi kwa ndagala, sangala na kuhe. Akwariamu ni lita 125, na ikiharibika inaweza kujazwa upya. Ziwa Tanganyika haliwezi.