Je, Wajua? Askari waliohamia Linux polepole

Gendarmerie, polisi wa kijeshi wa Ufaransa, hawakuing'oa Windows kwa siku moja. Mwaka 2005 walianza na programu za ofisi tu: Microsoft Office ikatoka, OpenOffice ikaingia. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya kivinjari cha Firefox na programu ya barua pepe ya Thunderbird. Basi Ubuntu, mfumo endeshi wa aina ya Linux, ilipoanza kuingia mwaka 2008, askari alikuta barua pepe na nyaraka zake zikifunguka kwa programu zilezile alizokwisha kuzizoea. Ujanja wa maana huo! Sasa makumi ya maelfu ya kompyuta zao zinatumia toleo lao wenyewe la Ubuntu, GendBuntu.

Nawe waweza kuonja kwanza: iweke Ubuntu kwenye flashi, washa kompyuta kupitia flashi hiyo, zungukazunguka. Windows yako haiguswi, mradi usibonyeze kitufe cha kusakinisha.