Okidi: Kuipanda Katika Kopo, Kuihamisha na Kuifanya Ichanue

Wewe ukaaye karibu na machimbo, bila shaka umeuona mmea huu usiujali. Mti mkubwa ukatwapo ili shimo la dhahabu lipanuliwe, au ili makala yachomwe, juu ya matawi yake huonekana majani mazito yaliyoshika gome kwa mizizi myeupe. Hiyo ndiyo okidi. Tawi likiachwa juani, okidi hufa. Ukiiokota mapema na kuitunza vema, yaweza kuchanua nyumbani kwako mwaka baada ya mwaka.

Kwanza fahamu neno hili: okidi ya mtini haili udongo. Wengine hudhani kwamba hufyonza mti kama kupe, sivyo. Hushika gome tu ili ikae juu penye mwanga, nayo hunywa mvua na ukungu. Mizizi yake imevikwa ngozi nyeupe kama sifongo. Ikilowa hugeuka kijani, ikikauka hurudi kuwa nyeupe. Mizizi hiyo yataka hewa. Ukiifukia katika udongo, hata ule mweusi mwema wa shamba la migomba, itaoza. Mtu aitiaye okidi yake udongo na kuimwagia maji kila siku, kwa kuipenda, ndiye aiuaye upesi.

Basi twaa kopo, ulitoboe kwa msumari matundu mengi, chini na ubavuni. Usitumie kopo lililokuwa na mafuta ya gari, wala lile lililotiwa zebaki ya kukamatia dhahabu. Zebaki ni sumu kwako na kwa watoto wako kuliko kwa ua. Wala usichote maji ya kuoshea mchanga wa dhahabu. Maji ya mvua ndiyo bora. Ndani ya kopo tia vipande vya gome kavu, ukubwa wa kidole gumba, pamoja na vipande vya makala. Usitie majivu.

Baada ya miaka miwili au mitatu gome huoza na kuwa kama udongo. Hapo okidi yapasa kuhamishwa. Usiihamishe ikiwa na maua. Ngoja maua yaanguke, uone ncha mpya za mizizi, za kijani, zikianza kutoka. Kwa watu wa Bukavu, mwezi wa Septemba mvua zirudipo ni wakati mwema. Lowesha mizizi kwanza ili isivunjike, kisha toa mmea polepole. Bonyeza kila mzizi: ulio mgumu uuache, ulio laini na mtupu ukate. Kisu kipitishe motoni kwanza, maana kisu kichafu huchukua ugonjwa wa mmea mmoja kuupeleka kwa mwingine. Weka shina juu ya gome, usilizike. Lifunge kwa uzi mpaka lishike. Kisha usinyweshe kwa siku nne au tano, ili majeraha yakauke. Kopo lisiwe kubwa mno. Kopo kubwa hushika maji mengi katikati.

Sasa habari ya maua. Wengi husema, "Yangu ina majani mazuri, lakini haichanui." Tazama majani hayo. Yakiwa ya kijani cheusi, mwanga ni haba. Itoe ndani ya nyumba, uitundike chini ya baraza au penye kivuli chepesi cha mti, ipate jua la asubuhi. Jua la saa sita huunguza majani. Hewa ya baridi ya usiku, kama ile ya Bukavu iliyo juu kiasi cha mita 1,500, husaidia okidi nyingi za milimani kuchanua. Lakini okidi iliyotoka bonde la Kamituga, chini kwenye joto, usiipandishe Bukavu ukatumaini iwe na furaha.

Pia chunguza shina. Zile zenye vinundu vinene kama vitunguu, kama nyingi za jamii ya *Polystachya*, zimeweka akiba ya maji humo. Hizo zipunguzie maji katika kiangazi, tangu Juni hata Agosti. Kunyunyiza kidogo mara moja kwa juma kwatosha. Kupumzika huko ndiko kuzihimizako kutoa maua. Lakini zile zisizo na vinundu, zenye maua meupe yanukiayo usiku, hazina akiba. Usiziache zikauke kabisa. Wakati wa mvua waweza kuzipa zote maji ya samadi yaliyozimuliwa mpaka rangi ya chai hafifu, mara moja kwa mwezi.

Okota zilizoanguka tu, nje ya hifadhi. Mbegu ya okidi ni kama vumbi, haina chakula ndani yake, nayo porini huota ikikutana na kuvu ya namna yake. Kisha yachukua miaka mingi kabla ya ua la kwanza. Ukibandua moja mtini, nyingine hairudi upesi. Katika Hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970, ni marufuku kuchukua mmea wowote. Na kama mtu akikuomba umvushie okidi mpakani, kataa: mapatano ya mataifa yaitwayo CITES, yaliyoanza mwaka 1975, yataka kibali kwa okidi za porini zivukazo nchi hadi nchi.