Sura za Watawala katika Sarafu

Wanafunzi wetu wanaokwenda Kamembe kufanya mazoezi ya mazungumzo hurudi na swali moja karibu kila mwaka. Pale mpakani, kabla ya daraja la kuelekea Bukavu, wabadilishaji fedha wameshika faranga za Rwanda, faranga za Kongo na dola za Marekani. Ukishuka mpaka Bugarama, za Burundi nazo huongezeka. Kiswahili ndicho kinachowapatanisha wote. Swali lenyewe ni hili: kwa nini dola ina kichwa cha mtu, ilhali sarafu za kwetu zina mbuni, mgomba na mahindi? Tumeona vema tulijibu katika toleo hili.

Tuanze mbali kidogo, kwa Wagiriki wa kale. Hatutoki nje ya somo letu, maana neno dirhamu, lililotufikia kwa njia ya Kiarabu, asili yake ni drakma ya Wagiriki. Mwanzoni, kichwa kilichowekwa katika sarafu zao kilikuwa cha mungu. Athene walimweka Athena, na nyuma yake bundi. Aleksanda Mkuu naye alitoa sarafu za fedha zenye kichwa cha Herakle aliyevaa ngozi ya simba. Aleksanda alipofariki mwaka 323 K.K., majemadari wake waligawana nchi. Mmoja wao, Lisimako, alitoa sarafu zenye kichwa cha Aleksanda mwenyewe, chenye pembe za kondoo dume, alama ya mungu Amoni. Ptolemayo wa Misri naye aliweka sura yake yeye, angali hai. Ilianza kwa mungu, ikaja kwa mfalme aliyekufa, ikaishia kwa mfalme anayekula na kunywa. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo iliyorithiwa na karibu kila mtawala aliyefuata.

Pwani yetu haikuifuata. Sarafu za masultani wa Kilwa hazina sura ya mtu. Zina jina la sultani na maneno ya Kiarabu yenye vina. Riali ya Sayyid Barghash wa Zanzibar, ya mwaka 1882, nayo ina maandishi matupu. Kwa Waislamu hao, jina lilitosha.

Sura zililetwa na wakoloni. Rupia ya Wajerumani, iliyotumika pia Rwanda ilipokuwa chini yao, ilikuwa na Kaisari Wilhelm wa Pili amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake, na jina lake kwa Kilatini, lugha ambayo hata Wajerumani wengi hawakuijua!

Baada ya uhuru, marais walikalia nafasi ileile. Sarafu za Rwanda za mwaka 1964 zilikuwa na kichwa cha Grégoire Kayibanda. Tanzania ilimweka Mwalimu Nyerere mwaka 1966, pamoja na maneno "Rais wa Kwanza". Msomaji ayatazame vizuri maneno hayo: hayataji jina, yanataja cheo, tena kwa Kiswahili. Hata leo shilingi 100 ina Nyerere na shilingi 200 ina Karume.

Ng'ambo ya Rusizi mambo yalikuwa makubwa zaidi. Mobutu alikuwa kwenye sarafu ya makuta 5 tangu mwaka 1967, na kwenye noti za zaire alionekana na kofia yake ya ngozi ya chui. Mtu akikumbuka Herakle na ngozi yake ya simba, hakosei sana. Lakini sura hailishi. Januari 1993 askari walilipwa kwa noti mpya za zaire milioni 5, zenye sura hiyohiyo. Wafanyabiashara wakazikataa, na Kinshasa ikaingia katika fujo na uporaji uliogharimu maisha ya watu wengi. Mwaka huohuo zaire mpya moja ilibadilishwa kwa zaire za zamani milioni 3. Mwaka 1998 ikaja faranga ya Kongo, moja kwa zaire mpya 100,000. Mwenye akiba ya makaratasi chini ya godoro alibaki na picha za rais tu.

Kenya ilichukua njia ya sheria. Baada ya Kenyatta, Moi, na Kenyatta tena mwaka 2005, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 231, ilikataza picha ya mtu yeyote katika noti na sarafu. Sarafu za mwaka 2018 zikawa na twiga, kifaru, simba na ndovu. Noti za mwaka 2019 zilionyesha jengo la mikutano la KICC la Nairobi, ambalo mbele yake imesimama sanamu ya Kenyatta. Kesi ikafunguliwa: je, hiyo ni picha ya mtu, au ni ya mahali? Mahakama Kuu iliikataa kesi hiyo. Sisi darasani tuligawanyika nusu kwa nusu, na mjadala ukaendelea hadi kwenye basi la kurudi.