Andikiana na Gusana: Juu ya Barua za Kompyuta za Wapendanao Wawili

Kwa watu wawili walio mbalimbali kutunga kazi moja si jambo geni kwetu: malenga wamejibizana magazetini miaka mingi, kila mmoja akimrudishia mwenziwe vina alivyoletewa. Lakini mwaka 1999 ilizuka namna nyingine, nayo yastahili kutazamwa na mchunguzi wa lugha.

Auriea Harvey, Mmarekani aliyekaa New York, na Michaël Samyn wa Ubelgiji, walijuana kwa intaneti mwaka huo. Wote wawili walikuwa wasanii wa kurasa za intaneti. Walipopendana, walipelekeana kurasa zenye picha, sauti na maneno machache, wakaziita skinonskinonskin, yaani ngozi juu ya ngozi juu ya ngozi.

Barua ya kawaida hukamilika mwandishi atiapo sahihi. Hizi hazikamiliki mpaka mpokeaji azitie mkono: apitishapo kishale juu ya picha, picha humjibu. Sarufi yetu yatusaidia kupambanua. Vitenzi andikiana na gusana vyote ni vya kutendana. Lakini waandikianao hupokezana zamu, na wagusanao hutenda kwa wakati mmoja. Kurasa hizo zasimama katikati. Msomaji hugusa sasa, ila jibu alipatalo limekwisha kupangwa na mwenziwe tangu jana. Aligusalo ni kusudi la mpenzi wake, wala si mpenzi mwenyewe.

Labda upungufu huo waeleza kazi yao nyingine, Wirefire, ya mwaka 1999 hata 2003, ambamo wawili hao walichanganya picha na sauti papo hapo, mbele ya watazamaji wa intaneti. Hapo ndipo gusana ilipopata maana yake kamili.

Sasa yafuata hatari. Wirefire ilitegemea programu ya Flash, ambayo wenyewe Adobe waliacha kuitunza mwisho wa mwaka 2020. Barua za skinonskinonskin zilihifadhiwa na shirika la Rhizome la New York, kwa programu iigayo kompyuta za zamani. Njia hiyo ni sawa. Anakiliye maneno na picha peke yake hupata kamusi ya lugha isiyo na msemaji, kwa kuwa nusu ya kauli imo katika tendo. Mwenye kukusanya maandishi ya namna hii hana budi kuhifadhi na chombo kiyasomacho.