Baiskeli Ifungwe Penye Kitu Kisichong'oka



Mwenzetu mmoja wa mashamba ya miwa hapa Jinja alipokea mshahara, akapita dukani kununua unga na sabuni. Baiskeli aliiacha nje, kufuli la gurudumu la nyuma limefungwa, ufunguo uko mfukoni. Alipotoka hakuikuta. Mwenye duka akamjibu, "Baiskeli yako haikuingia dukani mwangu." Sasa ndugu huyo hutoka nyumbani kungali giza, hutembea kilomita 9, na siku akichelewa hukatwa mshahara. Kwa hiyo jambo hili si la mtu mmoja. Ni letu sote.

Mwizi aliwezaje, na baiskeli ilikuwa imefungwa? Kufuli lile huzuia gurudumu lisizunguke, basi. Halizuii baiskeli kuinuliwa. Baiskeli zetu za keria, pamoja na ugumu wake, zina uzito wa kilo 20 hivi, wala hazifikii nusu ya mfuko wa saruji. Mtu mmoja huitupa juu ya gari akaenda zake. Baiskeli iliyofungwa peke yake haijafungwa. Ifungwe pamoja na kitu kilichochimbiwa ardhini.

Maduka mengine yameweka vyuma vifupi vya kubana gurudumu la mbele. Hivyo havitufai. Baiskeli yenye mzigo ikiyumba, rimu hupinda. Tena mwizi akilegeza nati huondoka na baiskeli, akakuachia gurudumu.

Kinachofaa ni bomba la chuma lililopindwa mfano wa herufi U iliyopinduliwa. Uingereza huliita kwa jina la mji wa Sheffield, mji wa mafundi wa chuma. Fundi wetu yeyote wa kuchomelea aweza kulitengeneza. Vipimo ni hivi:

1. Unene wa bomba uwe sentimita 5, na upana kutoka mguu hadi mguu sentimita 80.
2. Kimo juu ya ardhi kiwe sentimita 75, na miguu izame sentimita 30 ndani ya zege. Bomba moja la mita 6 latosha kutengeneza mawili.
3. Kutoka moja hadi jingine iachwe mita 1. Kila moja hushika baiskeli mbili, moja kila upande. Hivyo matano hushika baiskeli 10, katika nafasi ya motokaa moja tu.

Mahali pake ni karibu na mlango, ambapo mwenye duka na wapita njia wanaona, na taa ikiwapo inamulika. Nyuma ya nyumba ni kumsaidia mwizi. Lakini yasizibe njia ya waendao kwa miguu, hasa wazee na vipofu. Kiwandani, ambako baiskeli hukaa zamu nzima, paweko na paa pia, maana mvua hula mnyororo na jua hupasua tairi.

Nasi tuna wajibu wetu. Mnyororo upite katika fremu, gurudumu la nyuma na bomba, vyote pamoja. Kufuli lisilale chini, kwani mwizi hulipondea hapo hapo kwa nyundo. Kila mwanachama aandike namba iliyogongwa kwenye fremu yake, na katibu wa tawi aitunze daftarini. Bila namba, polisi hawana njia ya kujua ipi ni yako.

Tulikwenda watu wanne kwa yule mwenye duka. Hatukwenda kugombana. Tulimwuliza: siku ya mshahara, wateja wako huja na nini? Akatazama nje, akacheka. Tukamwambia atoe bomba na saruji, nasi tutachimba mashimo na kumwaga zege Jumapili. Alikubali, na kazi imekwisha.

Fanyeni hivyo kwenye duka lenu, mashine ya kusaga na zahanati. Na mkikaa na mwajiri kujadili mkataba, maegesho ya baiskeli yaandikwe humo pamoja na mengine. Mfanyakazi asiye na njia ya kufika kazini yu karibu kuikosa kazi yenyewe.

Umoja ni nguvu.