Mtoto Smati na Mtoto Mwenye Akili

Neno la Kiingereza "smart" limeingia majumbani mwetu bila ya kubisha hodi. Mama humwambia mwanawe achomekee shati ili awe smati. Mwalimu humsifu mwanafunzi wake kuwa ni smati. Na simu tulizonazo mikononi, ambazo Waingereza wamezipa sifa iyo hiyo, sisi twaziita simu janja. Neno moja likibeba nguo, bongo na chombo, yafaa tulichungue kabla hatujawavisha watoto wetu.

Asili yake ni uchungu. Katika Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, lilikuwa na maana ya kuchonyota, kama jeraha lichonyotavyo. Na hata leo Mwingereza hulitumia kwa jicho lililoingia sabuni. Kutoka maumivu makali likahamia kwenye pigo kali la ghafla, kisha kwa mtu mwepesi wa ulimi. Kufikia karne ya 17 likamfikia mwerevu, na baada yake aliyevaa nadhifu. Mpaka hivi leo Mmarekani alitamkapo aghalabu hukusudia akili, ilhali Mwingereza mara nyingi hukusudia mavazi. Na mzazi wao amkanyapo mtoto asijifanye "smart", humkataza ufidhuli wa kujibizana na wakubwa. Ukali wa asili haujalitoka.

Sasa na tutazame ya kwetu. Akili tumeipokea kutoka Kiarabu, nayo ina shina moja na "iqal", kamba afungwayo ngamia mguu asipotee. Hekima nayo ina shina moja na "hakama", chuma cha lijamu kimzuiacho farasi. Maneno yote mawili yana kuzuia ndani yake. Kwa hivyo mwenye akili si ajuaye kupenya tu, bali ni ajuaye kujizuia. Ujanja hutafuta tundu la ua. Akili huuliza kwanza shamba ni la nani.

Tofauti hii si ya vitabuni pekee. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2015, watahiniwa zaidi ya 5,000 wa Kenya walifutiwa matokeo kwa sababu ya udanganyifu, na mwezi Machi 2016 bodi ya Baraza la Mitihani ikavunjwa. Anunuaye karatasi ya mtihani huitwa mjanja na wenziwe mpaka siku ya matokeo. Siku hiyo, aliyekesha akisoma akapata alama za wastani ana kitu mkononi. Yule mjanja hana.

Ndugu zetu wazazi, na khasa akina mama ambao watoto husikia sauti zao kabla ya sauti ya mwalimu yeyote, sifa tuitoayo nyumbani ndiyo mtoto aifuatayo nje. Akirudi dukani na chenji iliyozidi, tukacheka na kumwita mjanja, tumemfunza somo ambalo hatutaweza kumfunzua kwa fimbo. Akinakili jawabu kutoka simuni na akamaliza kabla ya nduguye, tukamwita smati, tumemvunja moyo yule aliyekuwa akifikiri.

Hatusemi neno hilo lifukuzwe; lugha yetu ni mwenyeji mkarimu. Twasema kila tendo lipewe sifa yake. Aliyevaa vizuri ni nadhifu. Aliyefahamu upesi ni mwepesi wa kufahamu. Aliyepata njia penye shida ni mbunifu. Na aliyeweza kuchukua kisicho chake, asionwe na mtu, kisha akauzuia mkono wake, huyo ndiye mwenye akili.

Basi chenji ile na irudi dukani jioni iyo hiyo, na mtoto mwenyewe ndiye aipeleke.